Mdudu Mwenye Jina la Mtoto

Majirani walimwita Bwana Wadudu, na kusema kweli hakuwa na haki ya kulalamika. Siku ya harusi yake mwenyewe, bibi harusi ameketi mbele za watu na picha zinapigwa, bwana harusi alitoweka. Walimkuta nyuma ya ukumbi amepiga magoti na suti yake ya kuazima, uso karibu uguse maua, anamvizia mdudu. Shangazi wa bibi harusi akamshika kola. "Subiri kidogo, shangazi," alisema bila kuinua kichwa, "subiri kidogo tu." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, na bibi harusi alicheka kuliko wote. Wakati huo ilikuwa bado inachekesha.

Kazi yake ilikuwa kwenye makumbusho, katika chumba cha chini chenye makabati ya chuma kutoka sakafuni mpaka darini, na ndani ya makabati hayo droo zenye vifuniko vya kioo, na ndani ya droo wadudu waliochomwa pini wakapangwa safu kama watoto wa shule asubuhi. Harufu ya dawa ya nondo ilimfuata hadi kitandani. Mke wake alikuwa akisema kwamba nguo zao ndizo pekee mtaani ambazo hazijawahi kutobolewa, na hiyo ndiyo faida yote aliyoipata kwa kuolewa na msomi.

Wengine pale makumbusho walichagua wadudu wa kujivunia: vipepeo wenye rangi, mbawakawa wakubwa wenye pembe ambao watoto wakija na mwalimu wao huwapigia kelele. Yeye alichagua jenasi moja, yaani ukoo mmoja, ya mbawakawa wadogo wasiojulikana na mtu. Duniani kote, watu wanaowachunguza wangeenea kwenye gari dogo na nafasi ya mizigo ikabaki. Mkubwa wao hafikii nusu ya punje ya mchele, na kwa macho ya kawaida huyo ni sisimizi, basi. Ana kiuno chembamba, kichwa cha mviringo, miguu myembamba, na mbio zile zile za sisimizi aliyechelewa kazini. Anaishi chini ya majani yaliyooza kandokando ya mito, katikati ya sisimizi wenyewe, na hata wao humpita bila kumuuliza kitu.

Ila ukimweka chini ya hadubini, mambo yanabadilika. Papasi za sisimizi, zile nyuzi za kupapasia kichwani, zimekunjwa kama kiwiko, lakini za huyu zimenyooka kama uzi wa shanga. Halafu mgongoni ana mabawa mawili magumu yaliyofunika mwili, yanakutana katikati kwa mshono mmoja ulionyooka. Sisimizi hana mshono. Ukiuona mshono, kesi imekwisha: huyo ni mbawakawa, aliyevaa nguo za jirani.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Jina lake halitajwi ndani ya nyumba ile, na sisi hatutalitaja. Alikuwa darasa la pili, mdomo haufungi, ana meno mawili ya mbele yaliyong'oka na mengine bado hayajaota. Jumapili moja Bwana Wadudu alisema anakwenda mtoni kuchekecha majani, na mtoto akalia kwamba na yeye anataka. Mama yake akamvalisha kofia, akamwambia baba mtu, "Mshike mkono, tafadhali. Huyu hatulii." Akasema, "Usiwe na wasiwasi."

Na alimshika mkono, mpaka walipofika. Akamketisha kwenye jiwe pana kivulini, akampa embe na maji ya kunywa, akamwambia asitoke pale. Kisha akainama kwenye chekecheo lake. Kazi hiyo inafanywa hivi: unazoa majani yaliyooza kwa mikono, unayatia kwenye chekecheo, unayatikisa juu ya sinia jeupe, na kilichoanguka unakitazama kwa makini sana, maana vyote ni vyeusi na vyote vinakimbia. Aliinama hivyo kwa muda. Sauti ikatoka nyuma yake, "Baba, njoo uone!" Akasema, "Subiri kidogo, mwanangu." Alipogeuka, kwenye jiwe palikuwa na kofia.

Watu walitafuta upande huu wa mto na upande ule, na kushuka mpaka kule maji yanakotawanyika kwenye matete. Wazamiaji waliletwa. Mto haukumrudisha. Hapakuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kuchimba, na waombolezaji walikaa kwenye viti vya kukodi wakilitazama zulia.

Mke wake alimuuliza mara moja tu.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asubiri."

Hakudanganya, na hilo tumpe. Mama mzazi wa mke alikuja na sanduku, akaliweka katikati ya sebule likiwa wazi, akasema, "Panga nguo twende. Mwanaume gani huyu? Mtoto anamwita, yeye anahesabu wadudu!" Bwana Wadudu alikuwa amesimama kwenye korido, hana ujasiri wa kuingia wala wa kuondoka, na alisikia jibu neno kwa neno.

"Mama," mke wake alisema, "utamlaumu kipofu kwa kutoona? Yule akishainamia mdudu, hata paa likiungua hawezi kuinuka. Si kwamba hataki, hawezi. Ndivyo alivyoumbwa. Mimi nilimwona siku ya harusi, nikacheka. Sasa nimlaumu nani?"

Sanduku likarudi tupu. Maneno hayo ndiyo waliyoishi ndani yake tangu siku ile, kama watu wanavyoishi kwenye nyumba moja iliyobaki baada ya mafuriko. Hayakuwa maneno ya kumsifu mtu. Kuambiwa na mkeo kwamba wewe ni kilema wa moyo si sifa. Lakini aliyashika kwa mikono miwili, akawa anayathibitisha kila siku: akiwa hadubinini anaitwa chakula haji, anapigiwa simu hapokei, na mkewe anatikisa kichwa na kusema, "Si nilisema?" Huruma hiyo ilikuwa chungu, ila ililiwa.

Mfuko wa majani ya siku ile ulikuwa umetupiwa kwenye buti la gari lake na msamaria mmoja aliyedhani anasaidia. Ulikaa kwenye kona ya ofisi yake mwaka na zaidi. Hakuweza kuutupa na hakuweza kuufungua. Siku aliyoufungua, aliumwaga wote kwenye sinia jeupe, na ndani yake, wakavu, walikuwemo mbawakawa watano wa jenasi yake, wote majike, ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuwaandika. Aliwabandika kila mmoja kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu, kwa tone la gundi dogo kuliko chozi la kuku. Akaandika makala. Na kwa kuwa anayeandika wa kwanza ndiye anayetoa jina, akampa mdudu yule jina la binti yake.

Mke alipoambiwa, alimtazama kana kwamba amemtemea mate. "Mtoto wangu ndiye mdudu?" Hakusema naye tena mpaka mwezi ukaandama.

Kisha asubuhi moja alishuka mwenyewe zile ngazi za makumbusho, amevaa nguo yake ya kutokea na viatu vilivyopigwa rangi, akasimama mlangoni. "Nionyeshe," alisema. Bwana Wadudu akafuta kiti, akatoa droo, akaweka mdudu chini ya hadubini, akamfundisha kuzungusha kirekebishi mpaka ukungu ukaondoka. Mke wake alitazama muda mrefu.

"Ana kiuno chembamba," alisema hatimaye.

"Wote wako hivyo."

"Na jina?"

"Liko kwenye karatasi ile ya chini."

Akalisoma kwa sauti. Tangu msiba, hakuna mtu aliyekuwa amelitamka mbele yao. Majirani waliozoea kumwita Mama fulani, kwa jina la mwanawe kama ilivyo kwa kila mama, sasa walikuwa wanaanza, "Mama..." halafu wanakohoa na kuishia hapo. Akabaki Mama wa hewani. Pale kwenye chumba cha chini, jina lilikuwa bado lina mwenyewe. Aliketi mpaka jioni, na tangu hapo kila mwaka ilipofika siku ya kuzaliwa kwa mtoto, alivaa vizuri na kushuka. Wengine wana makaburi ya kupalilia. Yeye alikuwa na droo.

Sasa, kuna sheria moja katika kazi hii na ni ngumu kama kisiki. Jina la kwanza ndilo jina. Ukimpa mdudu jina leo, halafu ikagundulika kwamba babu mmoja alishampa jina zamani, lako linaanguka, hata kama la babu ni baya, hata kama aliandika mistari mitatu na alikuwa amelewa. Na ili pasiwe na ubishi, kila jina lina mwili wake: mdudu mmoja maalumu, mwenye karatasi nyekundu, ambaye jina limesimama juu yake. Mwili ukiwepo, jina linathibitika. Mwili ukipotea na maelezo yakawa hafifu, jina linabaki linaelea, haliwezi kumwangusha mtu.

Bwana Wadudu alikuwa bingwa wa kuangusha majina. Aliwafyeka wenzake bila kupepesa. Kuna kijana mmoja wa nchi ya mbali aliyempa mbawakawa jina la marehemu mama yake. Bwana Wadudu akagundua jina kongwe zaidi, akaliangusha la kijana kwa sentensi mbili, akaenda zake kunywa chai. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wa kwake ulikuja na Bi Sisimizi.

Huyu alikuwa na chumba mkabala na chake, mtaalamu wa sisimizi, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, na kwa miaka walikuwa wakitaniana ni mdudu wa nani aliyemwiga mwenzake. "Wako ni waigizaji," Bi Sisimizi alikuwa akimwambia. "Wangu wanafanya kazi, wako wanavaa sare." Siku hiyo aliingia bila utani. Mkononi alishika kisahani kidogo cha kioo, amekifunika kwa kiganja kama mtu anayekinga mshumaa.

"Kaa chini," alisema.

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri." Akavuta kiti. "Unajua ninapiga picha miili yote ya zamani ya sisimizi. Jana nimefika kwa mmoja wa yule babu wa gundi."

Babu wa gundi alikuwa mkusanyaji mmoja wa enzi za kale, marehemu zamani, aliyejulikana na wote kwa ubaya wa mkono wake. Wengine hubandika mdudu kwa tone, yeye alimzamisha. Sisimizi wake wote walionekana kama wamefia kwenye asali.

"Nikamloweka kwenye maji ya uvuguvugu, gundi itoke, nipate picha safi," Bi Sisimizi aliendelea. "Gundi ikatoka. Mgongo ukaonekana." Akaondoa kiganja juu ya kisahani. "Una mshono."

Bwana Wadudu alikitazama kile kisahani.

"Yule mzee aliandika mbawakawa akidhani ni sisimizi. Jina limekaa kwenye vitabu vya sisimizi miaka yote, ndiyo maana hakuna mtu wa mbawakawa aliyewahi kulitafuta. Hata wewe. Ungelitafuta wapi?" Akashusha kisahani mezani polepole. "Mto alioandika kwenye karatasi yake ni ule ule, ndugu yangu. Nimeogopa kumtazama zaidi. Nimekuletea wewe kwanza."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe na Mungu. Nina kikao. Mtazame, nikitoka nitapita. Labda siye." Alimgusa bega, akatoka, na mlango ukafungwa polepole kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Alikuwa ndiye. Hakuhitaji hata kurekebisha hadubini mara mbili. Vile vishimo viwili kwenye shingo, kile kishungi cha nywele nyuma ya paja, yote ambayo aliyachora mwenyewe kwa penseli akilia, yalikuwepo. Jina la babu wa gundi lilikuwa kongwe kuliko makumbusho yenyewe. Kwa sheria, jina la binti yake lilikuwa limekufa tayari, lilikuwa linasubiri mtu wa kutangaza msiba tu. Lingeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lingine, pamoja na majina yaliyokosewa. Na karatasi ndani ya droo ingebidi ibadilishwe. Akilini alimwona mke wake ameketi pale kwenye kiti na nguo yake ya kutokea, anazungusha kirekebishi, anasoma jina la mtu asiyemjua.

Ndipo alipoona jambo la pili. Huyu alikuwa dume.

Inabidi ieleweke dume maana yake nini. Wale watano wa mfukoni walikuwa majike. Kila safari aliyorudi kwenye mto ule, na alirudi mara nyingi kuliko alivyomwambia mkewe, hakupata hata mmoja. Katika mbawakawa hawa, ni maumbile ya dume, yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayoonyesha nani ni ndugu wa nani. Jenasi nzima ilikuwa fumbo kwa kukosa dume huyu mmoja. Ubishi aliobishana na wale wenzake wa gari dogo, makala zake zote, nusu ya maisha yake, jibu lilikuwa mle kwenye kisahani, limelowa, limelainika, tayari kufunguliwa kwa sindano. Ingekuwa kazi ya dakika chache. Mkono wake ulishaenda kuchukua sindano kabla hajauambia.

Atazame kwanza, halafu ndiyo afikirie. Subiri kidogo tu.

Alijisikia akisema hivyo. Mkono ukasimama. Alijua kwamba akishatazama ndani hataweza tena. Ataandika, atachora, atatangaza, ataangusha jina, na atajiambia kwamba sheria ni sheria. Alijua hivyo kama anavyojijua. Akaondoa jicho kwenye hadubini. Ilikuwa ngumu kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na aliifanya. Akainua kichwa, akatazama ukuta.

Kisha, bila kutazama chini tena, akaweka ukucha wa dole gumba ndani ya kisahani, akakandamiza, kama unavyoua chawa. Hakukusikika hata sauti. Akamimina maji kwenye sinki, akafungua bomba, akasugua kidole kwa sabuni mpaka kikawa chekundu.

Bi Sisimizi alirudi, akakiona kisahani kimeoshwa, kikavu, kimegeuzwa kifudifudi juu ya karatasi. Alielewa kabla ya kuambiwa.

"Yuko wapi?"

"Ameanguka. Nilitaka kumgeuza, akaruka. Nimetafuta sakafu nzima."

"Usinidanganye mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, kicheko chote kimekauka. "Umemuua."

"Alikuwa ameshakufa."

"Unajua ninachosema." Akaketi, kisha akainuka tena kama kiti kimemchoma. "Mwili wa jina, mkononi mwangu, kwa dhamana yangu. Na wewe ndiye unayetufundisha sote sheria. Ningenyamaza, unajua? Ungeniomba, ningemrudisha kwenye droo ya sisimizi, ningefunga kabati, na mimi na wewe tungekwenda kaburini na siri yetu. Ilikuwa ni kuniomba tu. Kwani mimi sikumjua yule mtoto? Si alikuwa anakuja hapa kunivuta gauni anataka peremende?"

Haikuwa imemjia akilini kabisa kwamba angeweza kumwomba mtu kitu.

"Usinitanie tena," Bi Sisimizi alisema. "Tukikutana kwenye korido, salamu inatosha." Akachukua kisahani chake kitupu.

Njiani kurudi nyumbani Bwana Wadudu alisubiri kujisikia vibaya, lakini kilichokuja kilikuwa kitu kingine. Alijisikia mwepesi. Alikuwa amepoteza rafiki, ameivunja sheria aliyoiabudu, ameliponda jibu la maisha yake kwa ukucha, na bado miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Kwa mara ya kwanza mtoto wake alikuwa amemwita na yeye akageuka. Alitembea akilirudia hilo moyoni, na kadiri alivyolirudia ndivyo alivyoona kwamba si haki kulificha. Mke wake alistahili kujua. Aliona kwamba anampelekea zawadi, masikini. Alipita hata sokoni akanunua matunda.

Mke wake alikuwa amepakua chakula. Alishangaa kumwona mapema, akashangaa zaidi kuona matunda. "Leo wadudu wamegoma?" aliuliza.

"Kaa, nikuambie kitu."

Akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoeleza mambo: babu wa gundi, maji ya uvuguvugu, mshono, sheria ya jina la kwanza. Mke wake alisikiliza, kijiko mkononi, na aliposikia kwamba jina lingeanguka, alishika ukingo wa meza.

"Wangelifuta?"

"Wangelifuta. Lakini hawatalifuta, sikiliza." Akamweleza kuhusu dume. Hapo sauti yake ilipanda, maana alitaka mkewe aelewe ukubwa wa jambo lenyewe. "Nimemtafuta maisha yangu yote, mke wangu. Alikuwa mbele yangu. Sindano iko hapa, yeye yuko hapa. Unanijua. Unajua ninavyokuwa."

"Ninakujua."

"Nilimtaka kuliko kitu chochote duniani. Nikainua kichwa. Nikamwacha." Alionyesha dole gumba, kama mtoto anayeonyesha mkono aliounawa. "Nikamponda. Kwa ajili ya mtoto wetu. Jina lake litabaki pale pale."

Alisubiri. Hakujua hasa alisubiri nini. Labda alie, labda amshike mkono. Mke wake hakulia. Aliweka kijiko chini, akakisogeza mpaka kikawa sambamba na sahani.

"Hukumaliza kumtazama," alisema.

"Sikumaliza."

"Na ulitaka."

"Nimekwambia. Kuliko chochote."

"Hakuna mtu aliyekuvuta? Hakuna aliyekushika kola?"

"Hapana. Mimi mwenyewe." Hata hapo bado alikuwa na tabasamu dogo, haelewi anavuliwa nini.

Mke wake alimtazama usoni, muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama kwenye hadubini akisubiri ukungu uondoke.

"Mama yangu alikuja na sanduku," alisema. "Nikamwambia huyu hawezi. Majirani walinong'ona, dada zangu walinisuta, na mimi kila mara ninawaambia hawezi, mwacheni, ndivyo alivyoumbwa. Nimelala na wewe kitanda kimoja miaka yote hii kwa neno hilo moja. Nikiamka namchukia mtu, ninajiambia, unamchukia kilema? Mwogope Mungu." Akavuta pumzi. "Kumbe unaweza."

"Mke wangu..."

"Kumbe mdudu anaachika. Unainua kichwa tu, unamwacha." Akainuka, akaanza kufunika chakula ambacho hakuna aliyekigusa, sufuria moja baada ya nyingine, polepole. "Basi na siku ile uliweza."

Bwana Wadudu alifungua mdomo kusema kwamba siku ile hakujua, kwamba angejua angegeuka. Lakini mke wake alikuwa amesimama pale na kifuniko mkononi, anamngoja aseme, na wote wawili walijua kwamba mtoto aliita, na kwamba yeye alisikia.